Dekali za kichwa cha chui kwenye sanamu ndogo za wachezaji wa 1974: utando unaonekana na vanishi imegeuka nyeupe

Fundi wa Himbi (Goma)

Jambo kwenu nyote. Naomba msaada wa watu waliokwisha kuishika kazi hii kwa mikono yao, kwa kuwa nimefika mahali ambapo kila ninachojaribu kurekebisha kinazidi kuharibika.

Ninatengeneza sanamu ndogo za wachezaji wa timu ya taifa ya Zaire iliyokwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1974, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Sanamu zina urefu wa milimita 54, yaani ni mtu wa kawaida aliyepunguzwa mara 32 hivi, nami nimezimimina mwenyewe kwa resini. Kwa sasa nina wachezaji kumi wa ndani. Kipa nitamshughulikia baadaye. Nimewapaka rangi za akriliki kwa brashi, jezi ya kijani yenye ukingo wa njano. Baba yangu alizifuata mechi zile redioni akiwa kijana, na mpaka leo anaweza kukutajia wachezaji mmoja mmoja, kwa hiyo kazi hii ni yake kabla ya kuwa yangu, na sitaki kumpelekea kitu kilichofanywa nusunusu.

Kinachoitambulisha jezi ile kuliko kitu kingine chochote ni kichwa cha chui kilichowekwa ndani ya duara katikati ya kifua, pamoja na maneno Zaire na Leopards. Kukichora kwa brashi mara kumi, ndani ya duara la milimita 7, na vyote vifanane, ni kazi inayozidi uwezo wa mkono wangu. Ndipo nikaamua kutumia dekali, zile karatasi za kuloweka ambazo picha yake, iliyochapwa juu ya utando mwembamba, huachana na karatasi ikiwa majini na kuteleza hadi juu ya rangi. Karatasi niliyoagiza kutoka Nairobi ni ya aina inayopenya mwanga. Picha niliichapisha kwenye duka la fotokopi hapa mjini kwa printa ya leza, nikaikata, nikailoweka katika maji ya bomba, nikaitelezesha kifuani, nikaibonyeza kwa kidole na kuiacha ikauke.

Nimeshafanya sanamu tatu, na zote tatu zimeniangusha. Pembeni mwa duara kuna weupe unaometameta kama magamba ya samaki, hasa ukiigeuza sanamu kuelekea dirishani. Kichwa cha chui, ambacho kwenye karatasi kilikuwa cha njano nzuri, kimekuwa cha kijani kilichofifia, na madoa yake hayaonekani vizuri. Mahali ambapo jezi ina mkunjo chini ya kifua, dekali imekaa juu ya mkunjo kama kitambaa kilichotandikwa juu ya kamba, badala ya kuufuata. Sanamu ya tatu niliipulizia vanishi isiyong'aa kutoka kwenye kopo, jioni moja mvua ikinyesha, nikiwa barazani. Asubuhi niliikuta nyeupe mwili mzima, kana kwamba imepakwa unga wa muhogo.

Je, kosa liko kwenye karatasi, kwenye maji, au kwenye mkono wangu? Nina karatasi moja tu iliyobaki, na sitaki kuigusa kabla ya kuelewa.

Mama Nyawera (Bukavu)

Ndugu Fundi, aksanti kwa kueleza kila hatua, kwa sababu wengi huuliza bila kusema walichofanya. Ninabandika dekali kwenye magari madogo na kwenye sanamu kwa miaka kadhaa sasa, nami naona una matatizo matatu yaliyokutana kwenye kifua kimoja. Mimi nitaongea kuhusu weupe wa pembeni na kuhusu mkunjo, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyapigania zaidi.

Weupe ule si uchafu wala si gundi. Ni hewa. Rangi ya akriliki isiyong'aa inaonekana laini kwa macho, lakini kwa kweli uso wake umejaa vishimo na vilima vidogo sana, na ndivyo vinavyotawanya mwanga hadi rangi ionekane haina mng'ao. Utando wa dekali unapolala juu yake hugusa vilele tu, na kila kishimo kinabaki na hewa yake chini ya utando. Mwanga ukipita kwenye utando na kukutana na hewa ile, unarudi machoni pako kama fedha. Ndiyo maana unaiona zaidi ukiwa karibu na dirisha, na ndiyo maana kubonyeza kwa kidole baada ya dekali kukauka hakusaidii kitu.

Dawa yake huwekwa kabla ya dekali. Paka vanishi ya akriliki inayong'aa mahali pote ambapo dekali itakaa, na uizidishe kidogo kuvuka mpaka wake. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa vanishi nene hujikusanya kwenye mikunjo na kuufanya mwili wa mchezaji uonekane kama umemwagiwa asali. Acha tabaka la kwanza likauke kabla ya kupaka la pili, kisha iache sanamu usiku kucha. Vanishi ya akriliki hukauka kwa kuguswa mapema sana, lakini kukauka kwa kuguswa siyo kukomaa, na hapo ndipo watu wengi huharakisha wakaacha alama za vidole kwenye kifua.

Sasa kuhusu kubandika. Kata dekali karibu kabisa na mstari wa nje wa duara, kwa kisu chenye ncha mpya, maana utando unaobaki nje ya picha hauna kazi yoyote isipokuwa kuonekana. Ishike kwa kibano, itumbukize katika maji ya uvuguvugu kwa sekunde kumi na tano hivi, kisha itoe na uiweke juu ya sahani. Usiiache ielee majini hadi iachane na karatasi, kwa kuwa gundi yote itabaki majini. Iache hapo kwenye sahani dakika moja. Maji yaliyokwisha kuingia yataendelea kuilainisha gundi. Ukiisukuma kidogo kwa ncha ya brashi na ikateleza, iko tayari. Lowesha kifua cha sanamu kwanza, halafu itelezeshe kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kifuani. Usiinyanyue kwa kidole hewani, itajikunja na kujibandika yenyewe kwa yenyewe, na hapo umeipoteza.

Kwa kushikisha na kulainisha, wanaofanya kazi hii hutumia vimiminika viwili tofauti, na ni vyema usivichanganye akilini. Kampuni ya Microscale huuza Micro Set, yenye karatasi ya buluu kwenye chupa, na Micro Sol, yenye karatasi nyekundu. Micro Set huenda chini ya dekali kabla ya kuibandika: hulisafisha eneo na kuisaidia gundi kushika. Micro Sol huenda juu baada ya dekali kukaa mahali pake, nayo huulainisha utando hadi uwe kama ngozi ya maziwa, ukaanguka wenyewe ndani ya mkunjo. Dakika chache baada ya kuipaka utaona dekali inajikunyata vibaya sana, na moyo utakuambia uiguse. Usiiguse. Itajinyoosha yenyewe ikikauka, lakini ukiigusa ikiwa katika hali ile itachanika. Mkunjo ukiwa mkali sana, rudia Micro Sol mara mbili au tatu, ukiacha ikauke kila mara, na palipobaki na kiputo cha hewa toboa kwa ncha ya sindano kisha uongeze tone.

Kuhusu maji, usiyadharau. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake, na sehemu kubwa ya mabomba ya Goma hulishwa na ziwa hilo. Tone likikauka juu ya vanishi inayong'aa, linaacha duara jeupe ambalo utalidhania ni hewa. Mimi hununua maji safi ya kuongezea kwenye betri za magari. Hakikisha umepewa maji matupu, siyo asidi, kwa kuwa gereji huuza vyote viwili, na wakati mwingine chupa zake hufanana.

Kijana wa Birere (Goma)

Mimi sikubaliani kabisa na hatua ya vanishi inayong'aa. Nimebandika namba kwenye pikipiki ndogo za plastiki bila vanishi yoyote, kwa siki tu ya dukani, na hazikuwa na weupe. Siki ni rahisi, inapatikana kila mahali, tena inafanya kazi ile ile. Kwa nini mtu atafute chupa za ng'ambo?

Mama Nyawera (Bukavu)

Mdogo wangu, pikipiki yako ya plastiki ilikuwa na uso unaong'aa tangu kiwandani, kwa hiyo kazi ambayo mimi naifanya kwa vanishi wewe uliipata imeshafanywa. Jaribu siki hiyo hiyo juu ya jezi iliyopakwa rangi isiyong'aa na utaona tofauti.

Kuhusu siki yenyewe hujakosea. Siki nyeupe ina asidi ya asetiki, na ukifungua chupa ya Micro Set utasikia harufu hiyo hiyo. Nimeitumia nilipoishiwa, nikiichanganya nusu kwa nusu na maji, chini ya dekali, nayo ilisaidia kushikisha. Lakini siki haiwezi kuulainisha utando hadi uingie kwenye mkunjo, na Ndugu Fundi ana mkunjo. Kama hatapata kimiminika cha kulainisha, njia iliyobaki ni ya wembe: apasue dekali kidogo kwa ncha, kwenye ukingo wa chini tu, mahali mkunjo unapopita, ili pande mbili za mpasuko zipandane badala ya kusimama. Kwenye duara lenye maandishi, apasue katikati ya herufi mbili, asikate herufi yenyewe.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)

Nawasalimu wote. Nimefurahi kuiona timu ile ikitengenezwa kwa mikono ya Wakongo. Sisi wa Kamalondo tuna fungu letu ndani yake, kwa kuwa kipa Kazadi na beki Mwepu Ilunga walichezea klabu yetu, TP Mazembe, na Mwepu ndiye yule aliyetoka kwenye ukuta na kuupiga mpira kabla Wabrazili hawajapiga adhabu yao, tarehe 22 Juni 1974. Fundi, kama utamtengeneza akiwa katika tendo lile, nitaomba picha.

Mama Nyawera ameeleza vizuri habari ya hewa, nami sina la kuongeza hapo. Lakini kile kichwa cha chui kilichogeuka kijani hakitapona kwa vanishi, kwa Micro Sol wala kwa siki, na Fundi akifuata maelezo yale peke yake atapata dekali iliyolala vizuri sana yenye chui wa kijani. Tatizo hilo linatokana na uchapishaji. Printa ya kawaida haina rangi nyeupe. Mahali palipo cheupe kwenye picha, printa haiweki kitu, inategemea weupe wa karatasi. Tena toneri, yaani unga wa rangi wa printa ya leza, ikiwa ya njano ni nyembamba na hupitisha mwanga, kwa hiyo juu ya karatasi nyeupe unaona njano, na juu ya jezi ya kijani unaona kijani kilichopakwa njano kidogo. Printa za wino zina tabia hiyo hiyo.

Kuna njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kununua karatasi ya dekali ambayo utando wake wenyewe ni mweupe. Picha inatoka na rangi zake zote, lakini sharti ukate juu ya mstari kabisa, kwa kuwa ukibakiza hata unywele mmoja nje utaonekana mweupe juu ya kijani. Baada ya kubandika, ukingo wa utando mweupe hupakwa kijani kwa brashi nyembamba. Kwa duara hilo si vigumu, na bora zaidi ukiweka mstari mweusi kuzunguka picha, ukakata katikati ya mstari huo.

Ya pili ndiyo ninayoipendelea kwako, kwa sababu karatasi inayopenya mwanga unayo tayari na ni moja tu. Paka duara jeupe kifuani kwanza, kwa rangi, dogo kidogo kuliko picha, kiasi cha milimita 6 na nusu, halafu vanishi inayong'aa, halafu dekali juu yake. Mstari wa nje wa picha utafunika ukingo wa duara la rangi. Ili upate duara zuri, usipake bila kipimo. Toboa tundu kwenye mkanda mwembamba wa kubandikia, kwa kitobozi cha ngozi cha fundi viatu, bandika mkanda kifuani na upake ndani ya tundu kwa sponji iliyokaushwa karibu yote, ukigonga polepole. Kazi hiyo inachukua dakika kumi kwa kila mchezaji, na inaokoa chui wote kumi.

Nakuomba uikague picha yenyewe pia kabla ya kurudi kwenye fotokopi. Mashine inayochapisha nukta 600 kwa inchi inaweka nukta zipatazo 165 kukatisha duara lako la milimita 7. Hizo zinatosha kuonyesha macho, pua na masikio ya chui. Lakini herufi zenye kimo cha milimita 0.8 zinapata nukta 19 tu kutoka juu hadi chini, na zikiwa na mikia na mapambo zitatoka kama vumbi. Chora herufi upya kwa mistari minyofu na minene, punguza madoa ya chui yawe machache na makubwa, na usimruhusu mtu wa fotokopi apanue wala apunguze picha ili ijae ukurasa. Weka pembeni mstari wenye urefu wa milimita 50 hasa, kisha uupime kwa rula kabla ya kulipa. Na kwa kuwa karatasi ni moja, jaza ukurasa mzima: chui ishirini au thelathini, siyo kumi. Utawapoteza wengine, kila mtu huwapoteza.

Mtu mwingine asome hili pia: kama printa ni ya wino na siyo leza, karatasi iliyochapishwa lazima ipuliziwe vanishi tabaka mbili au tatu nyepesi na ikauke kabla haijaona maji, la sivyo wino utayeyuka wote ndani ya sahani. Ya leza inavumilia maji, ingawa tabaka moja jepesi huzuia toneri isibanduke kwenye makunjo.

Mwisho, onyo. Msishawishiwe na vanishi ya kucha. Mimi niliitumia mwaka ule nilipoanza, nikiona inang'aa vizuri na bei yake ni ndogo. Viyeyusho vyake viliukunja utando wa dekali mbele ya macho yangu na kuilainisha plastiki iliyokuwa chini, na uso wa sanamu ya askari niliyokuwa nimeipaka kwa wiki mbili ukawa kama nta iliyokaribia moto. Resini inaweza kuvumilia zaidi kuliko plastiki, lakini dekali haitavumilia.

Fundi wa Himbi (Goma)

Papa Kamalondo, Mama Nyawera, sijui niwashukuruje. Habari ya toneri isiyo na weupe sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote, na sasa naona kwamba hata kama ningenunua karatasi kumi nyingine ningeendelea kupata chui wale wale wa kijani. Kijana wa Birere naye nimemwelewa, kwa kuwa siki ninayo nyumbani na nitaijaribu kwenye kipande.

Yamebaki mawili. Zile sanamu tatu zilizoharibika nizifanyeje? Na ile iliyogeuka nyeupe, je, ni unyevu, au ni kopo lenyewe lilikuwa bovu? Naogopa sana hatua ya mwisho, kwa sababu mtu akikosea hapo anaharibu kazi yote iliyotangulia.

Mama Nyawera (Bukavu)

Uoga wako una sababu, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Sanamu mbili ambazo hazijapuliziwa ni rahisi. Weka pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu juu ya dekali kwa robo saa, uilainishe kwa siki au kimiminika cha kulainisha kama umeshakipata, kisha uinyanyue kwa mkanda wa kubandikia usio mkali, ukibonyeza na kuvuta polepole. Yote itatoka, au itaacha vipande vya kusugua kwa kijiti cha pamba. Usitumie spiriti hapo, kwa kuwa itaiondoa akriliki pamoja na dekali. Ile ya tatu, iliyokwisha kufungwa kwa vanishi, usiivue bado, kwa sababu huenda ukaiponya.

Weupe wa vanishi una asili mbili. Ya kwanza ni unyevu. Viyeyusho vinavyotoka kwenye kopo huruka haraka na kuupoza uso wa sanamu. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama jioni ya mvua kando ya ziwa, mvuke wa maji hugeuka matone madogo sana ndani ya vanishi kabla haijakauka, na matone hayo yakitoka yanaacha tabaka lililojaa vitundu. Ya pili ni kopo ambalo halikutikiswa vya kutosha. Vanishi isiyong'aa hupata ukosefu wake wa mng'ao kutokana na unga laini sana wa silika uliochanganywa ndani, na unga huo hutuama chini. Usipolitikisa kwa dakika mbili kamili, huku ukiisikia gololi ikizunguka, unapulizia kiyeyusho kwanza na unga mtupu baadaye.

Mara nyingi dawa ni moja kwa zote mbili: paka vanishi inayong'aa juu yake, kwa brashi. Inaingia kwenye vitundu, inazunguka chembe za unga, na rangi hurudi kama ilivyokuwa. Nimeona sanamu niliyoilia ikirudi ndani ya dakika moja. Ikikauka usiku kucha, ndipo utapaka isiyong'aa upya.

Kwa Goma na Bukavu ninaona ni busara kuachana na makopo katika miezi ya mvua na kutumia vanishi ya akriliki ya kupaka kwa brashi, iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Haina haraka ya kuruka, kwa hiyo haiupozi uso vile. Ukilazimika kupulizia, fanya saa za adhuhuri siku ya jua, kopo likiwa na uvuguvugu wa chumba, umbali wa sentimita 25 hivi, kwa mipigo mifupi inayoanza nje ya sanamu na kuishia nje yake. Na vumbi letu hulijui kuliko mimi? Ule mchanga mweusi wa volkano unaingia kila mahali, na ukitua kwenye vanishi mbichi hautoki tena. Nyunyizia maji sakafuni kabla, kisha mara umalizapo funika sanamu kwa ndoo safi iliyopinduliwa, iliyoinuliwa kidogo upande mmoja ili hewa ipite.

Mpangilio wote ni huu, nami nausema mara moja ili usije ukauchanganya. Rangi, duara jeupe, vanishi inayong'aa, usiku mmoja. Dekali na vimiminika vyake, usiku mwingine. Kisha futa eneo lote kwa brashi yenye maji safi ili kuondoa gundi iliyotapakaa, kwa sababu gundi ikibaki hugeuka ya kahawia na baada ya muda utaona doa kuzunguka picha. Halafu vanishi inayong'aa tena, juu ya dekali safari hii, ili ukingo wa utando uzame na usiweze kuonekana wala kukwanguka. Kama unataka kupaka vivuli kwenye mikunjo, au tope kwenye soksi, ni sasa, juu ya tabaka hilo, kwa kuwa dekali imeshalindwa. Isiyong'aa ndiyo ya mwisho kabisa.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)

Nakubaliana naye neno kwa neno, isipokuwa jambo la kunyunyizia maji sakafuni. Huku kwetu, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa ni kavu na vumbi jekundu ni jingi, na maji sakafuni ni msaada mkubwa. Lakini Goma kwenye mvua mimi nisingeongeza unyevu ndani ya chumba nitakachopulizia. Kitambaa chenye maji cha kufutia meza kinatosha.

Mama Nyawera (Bukavu)

Umesema kweli, Papa. Kwa wanaotumia brashi haina madhara, ila kwa kopo nalirudisha neno langu.

Fundi wa Himbi (Goma)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nimechapisha upya, chui ishirini na wanne kwenye karatasi moja, herufi zikiwa nene na madoa yakiwa manane tu kwa kila kichwa. Kitobozi nilikiazima kwa fundi viatu wa jirani, naye akataka kujua ninakipeleka wapi. Nilipomwonyesha chui akakaa nami mpaka tundu la mwisho likatobolewa.

Ile sanamu nyeupe ilipona. Nilipaka vanishi inayong'aa kuanzia bega, na kila brashi ilipopita kijani kilitokea kama nyasi baada ya mvua. Dekali yake ya zamani bado ni mbovu, lakini nimeiacha ilivyo, ili niwe na cha kulinganishia.

Siki niliijaribu kwenye kijiko cha plastiki nilichokipaka rangi ya jezi, upande mmoja ukiwa na vanishi na upande mwingine bila vanishi. Upande wenye vanishi, hata maji matupu yalitosha. Upande usio na vanishi, siki ilipunguza weupe lakini haikuuondoa. Kwa hiyo naona jibu lilikuwa vanishi. Micro Sol niliipata kwa mtu aliyekuwa akitoka Kigali, na mkunjo wa chini ya kifua, ulionisumbua tangu mwanzo, sasa unapita katikati ya duara bila chui kukatika. Ilipojikunyata nilitoka nje ya nyumba ili nisiiguse.

Wachezaji sita wameshapata chui wao, naye baba ameshawaona wawili. Aliwashika muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza Ndaye yuko wapi, yule aliyefunga mabao 9 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo huo kule Misri. Ndaye ndiye anayefuata, nami nimefika mgongoni. Namba yake ni 13. Je, niikate 1 na 3 kama kipande kimoja, na utando ubaki katikati yake, au nizikate mbalimbali ili utando uwe mdogo?

Papa Kamalondo (Lubumbashi)

Ikate kama kipande kimoja. Ukizitenganisha, itabidi uzilinganishe kwa jicho ziwe zimesimama sawa na kwa kimo kimoja, tena kwenye mgongo uliopinda, na hata kosa la robo milimita litaonekana. Utando wa katikati utazama ndani ya vanishi ya pili. Chora mstari hafifu wa penseli kwenye uti wa mgongo, uweke nafasi iliyo kati ya 1 na 3 juu ya mstari huo, na uufute kabla ya kufunga.

Fundi wa Himbi (Goma)

Aksanti, Papa. Mstari nimeshauchora. Ninasubiri vanishi ya mgongoni ilale usiku huu, na kesho nitaloweka.